Farasi Kwanza, Askari Baadaye: Wapanda Farasi wa Waterloo Mezani

MUSA: Haya jamani karibuni tena, mimi ni Musa na niko na dada Rehema kama kawaida. Leo ni zamu ya farasi! Tangu tuongelee askari wa miguu wa Waterloo watu wanauliza wapanda farasi lini, kwa hiyo leo tunakaa na vijisanamu vya milimita 28 vya mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa dadu, brashi, na ile tarehe 18 Juni 1815, siku ya vita ya Waterloo ambapo Napoleon wa Ufaransa alishindwa na Waingereza na washirika wao.

REHEMA: Asante kaka Musa. Mi leo nina jambo moja kubwa nataka watu walishike, farasi apewe muda kuliko askari. Mtu anakaa wiki nzima na vifungo vya koti halafu farasi anampiga kahawia moja kutoka masikioni mpaka kwatoni, na ukitazama pale mezani ukiwa umesimama, zaidi ya nusu ya unachokiona ni mnyama.

MUSA: Kweli kabisa. Na kuna kitu wengi hawajui, yaani rangi ya farasi kwenye majeshi yale ilikuwa sehemu ya sare. Mfaransa, mpiga tarumbeta wake kwa kawaida anapanda farasi wa kijivu ili kamanda amwone haraka kwenye ule moshi na ile rabsha. Wale Grenadiers à Cheval, wapanda farasi wa Gadi ya Napoleon, yaani walinzi wake, farasi weusi. Na Waingereza wana kikosi cha wapanda farasi kinaitwa Scots Greys, jina lenyewe linakwambia, grey ni kijivu.

REHEMA: Tuanze na hao maana ndo wanaowatesa watu. Farasi wa kijivu anazaliwa mweusi au kahawia, halafu anazidi kuwa mweupe kadiri anavyozeeka. Kwa hiyo kikosi kizima hakiwezi kuwa na kijivu kimoja, lazima kuna vijana bado wamekolea kama mkaa miguuni na mikiani, kuna wa umri wa kati wana madoa ya duara kwenye makalio, na kuna wazee karibu weupe kabisa. Ukiwapaka hivyo mchanganyiko kikosi kinakuwa hai!

MUSA: Na ile ngozi ya puani je?

REHEMA: Hapo ndo penyewe. Hata farasi mweupe pe, ngozi yake chini ni nyeusi, kwa hiyo kuzunguka pua, midomo na macho unaweka kijivu kilichokolea chenye uwaridi kidogo sana, unakizimua maji mpaka kipite kama kivuli. Ukiacha pua nyeupe anaonekana kachongwa kwa chaki. Madoa nayo usichore duara moja moja kwa mkono uliokaza, chukua brashi ya zamani iliyochanua, gusagusa rangi nyepesi juu ya ile iliyokolea, halafu pitisha kijivu chembamba juu yake madoa yazame.

MUSA: Mi nadhani shida yetu sisi ni kwamba wengi hatukukua na farasi. Huku kwetu mbung'o walihakikisha hilo, maeneo makubwa ya Afrika Mashariki farasi hakai, hata Vita ya Kwanza ya Dunia farasi na nyumbu wa majeshi walikufa huku kwa wingi wa kutisha. Kwa hiyo macho yetu hayana ile kumbukumbu. Nilipokuwa Nairobi nilienda Ngong kwenye uwanja wa mbio za farasi kuangalia tu rangi, nikasimama pale kwenye uzio natazama miguu, na ndo nikaona kwamba mguu wenye soksi nyeupe mara nyingi kwato yake ni ya rangi nyepesi kama pembe, na mguu mweusi kwato nyeusi. Kwenye kijisanamu ni tone moja la rangi lakini jicho linajua.

REHEMA: Umesema la maana sana. Na kahawia nayo ni kahawia nyingi. Kuna yule mwili kahawia ila manyoya ya shingo, mkia na miguu kuanzia magoti kushuka chini ni meusi, huyo ndo wa kawaida kabisa kwenye jeshi. Halafu kuna yule mwekundu-mwekundu, huyo shingo na mkia vinafuata rangi ya mwili au vinakuwa vyepesi zaidi, kamwe usimpe mkia mweusi. Ukishika hao wawili tu tayari umepita watu wengi.

MUSA: Sasa waambie ile njia ya rangi ya mafuta maana ndo inayookoa muda.

REHEMA: Ee, hii naipenda mno. Piga praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, ikikauka paka farasi mzima akriliki ya rangi ya chungwa iliyofifia au rangi ya mchanga, acha ikauke kabisa kabisa. Halafu chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, ile tyubu inayoandikwa Burnt Umber, paka farasi mzima mpaka uogope, subiri kidogo, kisha chukua kipande cha sponji au kitambaa kisichotoa nyuzi uanze kufuta kwa kufuata misuli. Bega, tumbo, makalio, shavu, huko juu rangi inatoka na ile ya chini inang'aa, kwenye mikunjo inabaki giza. Misuli inajitokeza yenyewe! Na ukibadilisha rangi ya chini kidogo kwa kila farasi, tyubu ileile moja inakupa farasi tofauti tofauti.

MUSA: Ila hapo niweke tahadhari, ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba thina ya kuzimulia hiyo rangi ya mafuta, nyingi ni kali sana, zile za rangi ya magari zinayeyusha plastiki, kijisanamu kinakuwa uji. Omba white spirit, na ijaribu kwanza kwenye kile kifremu cha plastiki kinachobaki ukishakata vipande. Na dirisha wazi tafadhali, mvuke ule si mzuri kwa kifua.

REHEMA: Na uvumilivu, rangi ya mafuta inachukua siku kadhaa kukauka. Huo muda ndo unapaka askari. Ndo maana askari usimgundishe kwenye tandiko mapema, mbandike kwenye kijiti peke yake, farasi umweke juu ya kizibo cha chupa, maana akishakaa juu huwezi tena kufika ndani ya paja wala ubavu wa farasi.

MUSA: Askari wenyewe basi. Mi moyo wangu uko kwa cuirassiers wa Ufaransa, wale wapanda farasi wanaovaa dirii. Ile dirii ya chuma kifuani na mgongoni, kofia ya chuma yenye kishungi cha shaba na manyoya meusi ya farasi yanayoning'inia nyuma, hakuna kitu kizuri kama hicho mezani. Anza na nyeusi, paka fedha, acha mstari mwembamba mweusi kwenye maungio, halafu fedha angavu juu ya kifua tu pale jua linapopiga. Usisahau kile kitambaa chekundu chenye ukingo mweupe kinachochungulia shingoni na mabegani chini ya dirii. Na kola zinatofautisha vikosi, kwa kanuni za 1812 kikosi cha 1 hadi cha 3 nyekundu kali, cha 7 hadi cha 9 njano, cha 10 hadi cha 12 waridi.

REHEMA: Na wale Carabiniers, wapanda farasi wengine wa Ufaransa wenye dirii, makoti meupe na dirii ya rangi ya shaba. Pale Paris kwenye Musée de l'Armée, makumbusho ya jeshi, kuna dirii ya carabinier mmoja anaitwa Fauveau, aliyeuawa Waterloo, tundu la risasi ya mzinga limeingia mbele likatokea nyuma. Mi nikipaka zile dirii zinazong'aa huwa namfikiria huyo mtu. Hawa walikuwa watu, ndo maana naona wanastahili tuwapake vizuri.

MUSA: Kabisa dada. Na ndo siku ileile Scots Greys wakishirikiana na wenzao wa brigedi ya jenerali wao Ponsonby wakavunja askari wa miguu wa d'Erlon, jenerali wa Kifaransa, Sajini Ewart wa Scots Greys akachukua tai, ile sanamu ya juu ya mlingoti wa bendera, wa kikosi cha 45 cha Ufaransa, halafu wakaenda mbali mno mpaka kwenye mizinga, farasi wamechoka, wakakutana na wapanda farasi wa Kifaransa wenye mikuki, na Ponsonby mwenyewe akauawa. Jioni ikawa zamu ya Ney, jemadari wa Napoleon, anatuma wale wenye dirii kwenye miraba ya Waingereza, yaani askari wa miguu waliojipanga umbo la mraba, mara kwa mara na haivunjiki, maana farasi hakubali kujitosa kwenye ukuta wa singe. Ukicheza na dadu ndo unaelewa kwa nini.

REHEMA: Sasa hapo tope linaingia! Mvua ilinyesha usiku kucha kuamkia siku hiyo, Napoleon mwenyewe akachelewa kuanza. Kwa hiyo farasi msafi Waterloo hayupo. Chukua kipande cha sponji kilichochanwa, kichovye kwenye kahawia ya udongo, futa kwenye karatasi mpaka ibaki kidogo, halafu gusa miguu, tumbo na ncha za mkia, kidogo na viatu vya askari. Kwa Scots Greys fanya zaidi, kijivu kinaonyesha tope kuliko rangi yoyote. Kwenye besi, kile kitako cha kijisanamu, weka mchanga na gundi ya mbao, kahawia nzito, brashi kavu yenye rangi nyepesi juu, halafu majani yaliyolala, ile rai, nafaka ya shambani pale, ilikuwa ndefu na ilikuwa imeshakanyagwa.

MUSA: Msikilizaji mmoja ameuliza vanishi, ing'ae au isiing'ae?

REHEMA: Kwanza ya kung'aa kwa ajili ya ulinzi, juu yake isiyong'aa, zikikauka rudia kung'aa kwenye dirii, kofia, macho ya farasi na tope bichi tu. Na mkifika mezani shikeni besi, msishike upanga, panga za plastiki zinakatika.

MUSA: Wiki ijayo mizinga na farasi wake wa kukokota. Tumeni picha za farasi wenu, hasa wa kijivu!