Namna ya kuchagua hedifoni ya nyumbani itakayodumu

Habari zenu, karibuni. Leo tunachagua hedifoni ya kusikilizia nyumbani: muziki, mpira, filamu ya usiku wenzako wakiwa wamelala. Mimi nikifika dukani huanza na swali moja: hii ikiharibika, inatengenezeka? Hedifoni haifi yote kwa mpigo. Waya hukatika, pedi za masikioni hupukutika, bawaba huvunjika, huku spika za ndani zikiwa nzima kabisa.

Hatua ya kwanza, amua kama unataka ya waya au ya Bluetooth. Kwa kukaa nyumbani nachagua waya. Betri ya lithiamu huchoka hata uitunze vipi, na nyingi zimefungiwa ndani kiasi kwamba fundi akizifungua anavunja plastiki. Ukitaka Bluetooth, tafuta yenye tundu la waya pia, na muulize muuzaji kama inapiga betri ikiwa imeisha. Si zote zinazopiga.

Hatua ya pili, tazama mgongo wa kikombe, ile sehemu inayofunika sikio. Hii niliyoshika imefunikwa kabisa. Hii nyingine ina matundu. Ya matundu huleta sauti yenye nafasi na masikio hayachemki, ila aliye kando yako atasikia kila kitu, na wewe utasikia feni na bodaboda za nje. Mnaolala chumba kimoja na watoto, chukueni iliyofunikwa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayokaa nayo muda mrefu: waya. Sogea uone. Waya hukatikia sehemu mbili, hapa unapotoka kwenye pini na hapa unapoingia kwenye kikombe. Lazima pawe na mpira unaopinda taratibu. Bora zaidi ni waya unaochomoka. Audio-Technica ATH-M50x iko hivyo: ukikatika unanunua waya mwingine, unauzungusha kidogo, unajifunga. Sony MDR-7506, ambayo ipo sokoni tangu 1991, waya wake hauchomoki, utahitaji fundi mwenye lehemu. Hata hivyo siikatai, kwa sababu ni ya kukunja, imezoeleka studio, na pedi zake zinauzwa na watengenezaji wengi.

Tukiwa kwenye pedi: ngozi ya bandia haipatani na joto, jasho na unyevu wa pwani. Baada ya muda inamenyeka na kukuachia vipande vyeusi shingoni. Kitambaa cha mahameli, kama cha beyerdynamic DT 770 Pro, hakimenyeki hivyo, ingawa kinashika vumbi. Vyovyote iwavyo, mwambie muuzaji, "Kaka, pedi zake za akiba zipo?" Akibabaika, hiyo nayo ni taarifa.

Upinde wa kichwani uwe na chuma ndani. Ushike pande mbili, upanue taratibu, usikilize kama kuna kitu kinalia.

Sasa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme wa hedifoni, na hapa watu hutupa pesa. Hiyo DT 770 Pro imeuzwa kwa 32, 80 na 250. Ya 250 ukiichomeka kwenye simu itapiga kwa sauti ndogo, kwani inataka amplifaya. Kama chanzo chako ni simu au kompyuta, bakia kwenye 32 hadi 80. Simu isiyo na tundu la hedifoni itahitaji kiunganishi kinachoingia kwenye tundu lake la chaji, mara nyingi USB-C.

Hatua ya mwisho ni majaribio, kabla hujatoa hela. Cheza sauti ya mtu mmoja aliyejirekodi kwa simu. Inapaswa kukaa katikati ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, geuza hedifoni, ya kulia iende kushoto. Egemeo likihama nayo, tatizo ni hedifoni au chanzo cha sauti, si sikio lako. Likibaki palepale, ni sikio lako, na muuzaji hana kosa. Sauti ikiendelea, pinda waya kwenye zile sehemu mbili. Ukisikia mikwaruzo, au upande mmoja ukakatika, irudishe mezani.

Halafu weka wimbo unaoujua vizuri. Mimi naweka taarab ya zamani, maana fidla na ganuni zikigongana na kuwa kelele moja nalijua tatizo mara moja. Besi nzito peke yake isikudanganye, inaficha mengi. Ivae dakika kumi hivi, hata kama muuzaji anakutazama vibaya. Inayobana dukani itakuumiza zaidi filamu ikifika nusu.

Ukiipata, omba risiti yenye jina la modeli. Nyumbani, chomoa kwa kushika pini, usivute waya, na usiuzungushe kwenye simu. Pedi zikichakaa, ingiza kidole chini ya ukingo hivi, vuta pole pole kuzunguka, kisha pachika mpya kuanzia juu kwenda chini.