Miezi 37 Nje ya Jopo

Nani athibitishe jambo linaloongeza kifungo: jaji, au jopo la raia wanaoamua kama mtu ana hatia? Wanaonifahamu wanajua nitakapoanzia: jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1998. Ralph Blakely alimteka mkewe aliyedai talaka, akamfunga kwa utepe wa gundi, akamshikia kisu na kumtia katika sanduku la mbao nyuma ya pikapu. Mtoto wao wa miaka 13 aliamriwa afuate kwa gari jingine, la sivyo mama atapigwa risasi. Simtetei mtu huyu. Fuateni hesabu tu.

Alikiri kosa kwa makubaliano na upande wa mashtaka. Kwa aliyoyakiri, kifungo cha kawaida kilikuwa miezi 49 hadi 53, na mwendesha mashtaka mwenyewe aliomba kiwe humo. Jaji akakataa: huyu alitenda kwa ukatili wa makusudi, apewe 90. Toeni 53 katika 90. Inabaki 37, zaidi ya miaka mitatu! Ukatili huo mshtakiwa hakuukiri, na hakuna jopo la raia lililousikiliza. Jaji aliuona mwenyewe, akaupima mwenyewe, akaufungia mtu mwenyewe.

Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 dhidi ya 4, ilisema haiwezekani. Ukiacha rekodi ya makosa ya zamani, jambo linalopandisha kikomo cha kifungo lazima mshtakiwa alikiri au jopo lilithibitishe pasipo shaka.

Mtaniambia sheria ya jimbo iliruhusu hadi miaka 10. Najua, nimeambiwa mara nyingi! Lakini kwa yale yaliyokiriwa peke yake, jaji asingeweza kufika huko. Na msiniambie tunamfunga jaji mikono. Kati ya 49 na 53 achague apendavyo. Upande wa mashtaka ukitaka zaidi, uuandike ukatili huo kwenye hati ya mashtaka na uuthibitishe. Sisi tumezoea wazee wa baraza, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Kule, kwa Marekebisho ya Sita ya Katiba, ya mwaka 1791, jopo ndilo lenye ufunguo.

Muda unanibana. Kesi ya Booker, 2005: kwa kanuni hiyo, miongozo ya adhabu ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, ikageuzwa ushauri usiomfunga jaji. Alleyne, 2013: kanuni hiyohiyo ikafika kwenye kima cha chini cha kifungo. Ila kesi ya Watts ya 1997 siiachi. Iliruhusu jaji kuongeza kifungo kwa tendo ambalo jopo limemwona mtu hana hatia nalo. Mwaka 2024 tume ya adhabu ilibadilisha miongozo ya shirikisho ili tendo la namna hiyo lisihesabiwe. Uamuzi wenyewe wa 1997 haikuufuta.