Isomeni draiva kuanzia chini: mazungumzo na vijana wa Chake Chake

Assalam aleikum jamani, karibuni, mlioko nyuma sogeeni mbele maana maandishi ya ukutani ni madogo. Nimeombwa nizungumze kuhusu draiva za mtandao, zile programu ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha mashine yote, zinazoiendesha kadi ya mtandao. Sasa mie sitozungumza zinavofanya kazi, ntazungumza zinavofeli. Kazi yangu ni kuriviu kodi za watu kabla hazijaingia, na nakwambieni, ile njia ya mambo kwenda sawa kila mtu anaisoma na alieandika kashaijaribu mara mia, lakini njia ya erori hajaipita hata mara moja, mezani kwake memori tele, umeme umetulia, kebo mpya. Watakaoipita ni sisi huku.

Ntakupeni kisa. Ofisi moja, jina siitaji, walikuwa na mashine ndogo ya Linux inayowagawia mtandao, na kadi yake ya pili ni adapta ya USB imechomekwa kwenye habu, kile kiboksi cha kuongeza matundu ya USB, habu nayo inakula umeme wa ukutani. Umeme wetu mnaujua, na walio wakubwa humu wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani miezi 3, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, basi huu wa kucheza cheza hatuuhisabu hata kama ni tatizo. Taa zikififia zikarudi, mashine haizimi maana ina UPS, lakini habu inazima na kuwaka. Na siku nyengine mashine inaganda kabisa, kibodi hata haijibu. Wakasema virusi, wakasema joto, wakanunua memori mpya, pesa imekwenda. Mwisho kijana wao akapiga picha skrini kwa simu, akanitumia, na pale juu kabisa mwa picha, mstari mmoja kabla ya vurugu kuanza, kulikuwa na namba: -110.

Kwenye Linux -110 maana yake muda umepita, umeuliza hukujibiwa. Nikafungua ile draiva. Habu ikirudi, kerneli inaita upya fanksheni ya probe, hapo ndo draiva inaiona kadi kwa mara ya mwanzo. Inaomba memori, inapanga kazi ndogo ya kuangalia kama kebo imeshika, ifanyike baada ya sekunde 2, halafu ndo inaiuliza kadi anwani yake ya MAC, ile namba ya kuitambulisha kadi. Kadi bado haijaamka vizuri, haijibu, -110. Draiva inasema haya, tumeshindwa, inaruka chini, inaita free_netdev, fanksheni ya kurudisha memori ya kadi, inarudisha -110. Ukiisoma haraka utasema safi, memori imerudishwa na erori imeripotiwa.

Lakini ile kazi ya sekunde 2 nani kaifuta? Hakuna. Ni sawa na kumtuma mtoto kwa shangazi yake akachukue sinia, huku nyuma nyumba ya shangazi imeshavunjwa na mtoto hakuambiwa arudi. Sekunde 2 zikifika kazi inaamka, inakwenda kwenye memori ile ile ambayo si yake tena. Pengine haijachukuliwa na mtu, basi hupati dalili yoyote, pengine kerneli imeshampa mwengine, na hapo ndo mashine inaganda. Ndo maana ikawa siku nyengine tu, na ndo maana watu walidhani joto.

Sasa mie namna ninavosoma, naanza chini. Probe ya kawaida imejengwa kama tunavoandaa chakula cha wageni, unatandika jamvi, unaweka sinia, ndo unapakua wali. Ukitaka kuondoa huvuti jamvi kwanza. C, lugha ya kuandikia kerneli, haina namna ya kurusha erori ikajisafisha yenyewe, kwa hiyo watu wa kerneli wanatumia goto, amri ya kuruka mpaka kwenye lebo, yaani alama yenye jina ndani ya kodi, najua skuli mmefundishwa goto ni mbaya, ila mwongozo wa uandishi wa kerneli una sehemu nzima inayoitetea kwa kazi hii hii ya kutoka na kusafisha. Na unasema lebo ipewe jina la kile inachokifanya, err_free_irq kwa mfano, sio err1, err2, maana mtu akija kuingiza hatua katikati zile namba zote zinapotea maana. Basi mie nashika lebo ya mwisho kabisa chini, napanda nayo juu, kila nikipita hatua nauliza: hii ikifeli, vitu gani vimeshatandikwa? Vyote vinaondoka? Kwa mpangilio wa kurudi nyuma? Na register_netdev, ile ya kuisajili kadi kwa kerneli, iwe ya mwisho, kwa sababu ikishapita hiyo kadi iko hewani, mtu anaweza kuiwasha muda huo huo kabla hata probe yako haijamaliza.

Kuna kosa jengine dogo hivi nimelikuta mara nyingi kuliko yote. Hatua ya tatu imepita, ret, lile jibu litakalorudishwa kwa kerneli, ni 0, yaani mambo sawa. Hatua ya nne ni kuomba memori, imekosa, pointa, yaani anwani ya hiyo memori, ni tupu, mwandishi anaruka kwenye lebo, anasafisha kila kitu vizuri kabisa, halafu anarudisha ret. Ambayo bado ni 0! Yaani amevunja nyumba nzima akaiambia kerneli karibu, tayari. Alitakiwa aandike -ENOMEM, yaani memori imekosekana, kabla ya kuruka. Na msibadilishe namba mliyopewa, kuna namba 517, EPROBE_DEFER, maana yake kitu ninachokitegemea hakijawa tayari, nijaribu tena baadae, ukiigeuza -EIO, erori ya jumla ya kusoma na kuandika, kwa sababu inaonekana nzuri basi kerneli haijaribu tena na kadi haiamki mpaka mtu aje aishughulikie mwenyewe.

Upande wa kutuma paketi, vile vipande vya data vinavyopita mtandaoni, swali ni moja tu, amana iko kwa nani. Ukirudisha NETDEV_TX_BUSY unasema sijaichukua, irudishe foleni. Nimeona draiva inaifuta paketi halafu inarudisha BUSY, kerneli inaituma tena paketi ambayo imeshakufa. DMA, njia ya kadi kuifikia memori moja kwa moja, ikikataa, na ulize kwa dma_mapping_error, usilinganishe na sifuri maana kuna mashine sifuri ni anwani halali, basi ifute paketi, ongeza tx_dropped, hisabu ya paketi zilizopotea, ili mwenye mashine ajue, urudishe NETDEV_TX_OK. Ndio, OK hata kama imepotea, kwa sababu umeshaibeba wewe.

Zile fanksheni za devm zinazojisafisha zenyewe zitumieni, zinapunguza lebo, ila ile kazi ya sekunde 2 zisingeifuta, usipoziambia hazijui.

Ile draiva nilichofanya ni kuitoa hiyo kazi kwenye probe nikaipeleka kwenye open, kadi ikiwashwa ndo ipangwe, ikizimwa isubiriwe mpaka ifutike. Mistari 4. Halafu nikaijaribu bila kungoja umeme, na hili ndo nataka tulifanye sote leo. Kerneli ina failslab, unaiambia ombi la memori namba fulani lifeli kwa makusudi, na kuna faili la fail-nth unaandika hiyo namba. Washeni KASAN iwaoneshe nani kagusa memori isiyo yake na kmemleak iwaoneshe nini kimeachwa. Unaandika 1, unaiunganisha draiva na kadi, unatazama logi, unaandika 2, hivo hivo mpaka ufike namba ambayo haifeli tena chochote.

Adapta ziko kwenye boksi pale mlangoni, kila watu wawili moja. Kaeni, tunaanza na 1.