Kung'arisha Stenlesi Kama Kioo Bila Kula Herufi

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza, asanteni kwa kunikaribisha. Mwenyekiti amenipa nusu saa, nami nitaitumia karibu yote kwenye ukingo wa herufi. Mengine nitayapita mbio.

Kazi yenyewe mnaijua. Mteja analeta kibao cha stenlesi, kile cha jiwe la msingi, "limewekwa na Mheshimiwa fulani, tarehe fulani". Kimekaa ukutani miaka, kimekwaruzwa, kimepauka. Anataka kikirudi ajitazame ndani yake, na jina la Mheshimiwa lisomeke kama siku ya uzinduzi. Fundi mwenye haraka anafunga gurudumu la pamba kwenye grainda, anapaka dawa ya polishi, anakandamiza. Muda si mrefu kibao kinawaka, mteja anafurahi, hela inalipwa.

Sasa kishikeni kibao hicho hivi, taa ikipiga kwa ubavu. Mnaona? Kila herufi imezungukwa na kibonde. Kona za E na T zimekuwa duara. Na nyuma ya kila herufi kuna mkia kama wa kimondo, mikia yote imeelekea upande mmoja. Mng'ao upo, lakini ukijitazama humo uso unacheza.

Mwenye kosa ni ulaini wa pamba. Ikipita juu ya shimo la herufi inazama kidogo, na ikitoka inaugonga ukingo wa upande wa pili. Uso mpana unasuguliwa kwa usawa, ukingo unapigwa mara mbili. Kwa hiyo shikeni hili: kitu laini kinafuata mabonde, kitu kigumu kinapita juu yake. Chuma kiondolewe kwa kitu kigumu kilichonyooka. Pamba ije mwisho, kwa muda mfupi, kutoa mng'ao tu.

Kabla hujagusa msasa, pima akiba yako. Akiba yako ni kina cha herufi. Zilizochorwa kwa feri kloraidi, dawa ya tindikali inayokula chuma, mara nyingi zina kina cha sehemu ya kumi ya milimita, au mbili, tatu. Zilizochorwa kwa umeme na maji ya chumvi huwa na kina kidogo zaidi. Na kuna zile za leza ambazo hazina kina kabisa, ni rangi tu iliyotokana na joto juu ya chuma. Pitisha ukucha. Usipokwama, usianze, piga picha, mwambie mteja kwamba maandishi yatafutika na itabidi yaandikwe upya. Hayo ayasikie kabla ya kazi.

Tuseme herufi zina kina cha milimita 0.1, na katikati ya kibao kuna mkwaruzo wa 0.05. Ukitaka kuumaliza mkwaruzo huo na kioo kibaki bapa, uso mzima lazima ushuke 0.05. Nusu ya maandishi imekwenda. Hapo mimi humwambia mteja mkwaruzo ule ubaki. Wengine hununa. Na mafundi wakichimba pale peke yake na kidole, wanapata shimo linaloonekana kuliko mkwaruzo wenyewe.

Njia ninayoitumia ni hii. Msasa wa maji, nimeuzungushia kipande cha kioo kinene au mbao ngumu iliyonyooka sawasawa. Kidole hakikanyagi msasa, maana kidole nacho ni laini. Namba ya msasa ikipanda, chembe zake huwa ndogo zaidi; anza na namba ya juu kadiri mikwaruzo inavyoruhusu, 600 au 800. Kuanzia 240 ni kuchoma akiba. Kila namba, geuza mwelekeo robo mzunguko, usugue mpaka mistari ya namba iliyotangulia iishe yote, ndipo uende 1000, 1500, 2000. Osha kibao na mikono kila ukibadilisha, kwani chembe moja ya 600 ikikufuata kwenye 2000 itakurudisha nyuma. Halafu losheni ya almasi, yenye chembe za maikroni 6, 3, kisha 1 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), juu ya filti ngumu iliyogundishwa kwenye mbao. Mwisho kabisa dawa ya kijani, ile ya oksidi ya kromi, na pamba kwa mkono mwepesi, ukikizungusha kibao ili mikia isipate upande wa kulalia.

Herufi zenyewe zisiachwe tupu wakati wa kusugua. Kama zina rangi nyeusi ya zamani, iache humo mpaka mwisho, inaushikilia ukingo. Kama hazina, jaza epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, iliyotiwa rangi nyeusi, ikauke kabisa, kisha sugua vyote pamoja. Msasa unapita juu kama uso mmoja. Na epoksi hiyo ikibaki humo ndiyo rangi ya maandishi, umeua ndege wawili kwa jiwe moja.

Juu ya joto nitasema kwa ufupi. Stenlesi ya 304, aina ya kawaida, husafirisha joto vibaya, karibu theluthi ya chuma cha kawaida. Joto linabaki pale pale unapokandamiza. Bati jembamba linajikunja, rangi inaanza kuwa ya majani makavu kisha buluu. Ndiyo maana nasugua kwa maji. Na gurudumu lililowahi kugusa chuma cha kawaida lisiguse stenlesi, litaacha chembe zitakazoshika kutu.

Kijana pale nyuma anauliza kuhusu kung'arisha kwa umeme ndani ya tindikali. Kwa sufuria na mabomba ni njia nzuri sana. Kwa maandishi, umeme hupenda kukusanyika kwenye kona, kwa hiyo kingo nazo huyeyuka kwanza. Umerudi palepale.

Dada anauliza bei. Mimi hupima kina kwanza ndipo natamka bei, na kibao chenye kina kidogo ndicho cha ghali, kwa sababu chote ni mkono. Mteja akilalamika, mpigieni hesabu ya kibao kipya: bati linang'arishwa kabla halijaandikwa, linafunikwa kwa stika, linachorwa, linaoshwa kwa maji ya magadi ili tindikali isibaki ndani ya herufi. Kama kinakwenda ukuta wa pwani, Tanga au Mombasa, basi kiwe cha stenlesi ya 316, ina madini ya molibdenamu ya kupambana na chumvi. Mara nyingi kitamtoka kwa bei nafuu kuliko kukifufua kile cha zamani.