Kumtafuta mwezeshaji wa kikundi

(Mhadhara kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Morogoro)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambao salamu hizo hazikuwafikia, habari za asubuhi.

Mwenyekiti wa mkutano, viongozi wenzangu, mama zangu na kaka zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumpata mwezeshaji wa mafunzo ya kikundi. Kazi hii nimeifanya kutoka pande zote mbili: nimekuwa mwezeshaji wa kuitwa na kulipwa, na nimekuwa mwekahazina wa kikundi kilichoita na kulipa. Nitaanzia upande wa pili, maana huko ndiko nilikoumia.

Kikundi chetu kilikuwa na wanachama 25, wanawake watupu. Hisa moja shilingi 3,000, tunakutana kila Jumanne. Mwaka wa kwanza tukaona tutafute mtu wa kutufundisha hesabu za hisa na mgao. Mimi ndiye niliyempendekeza yule kijana. Nilikuwa nimemsikia kwenye hafla moja, anazungumza mpaka watu wanasahau vinywaji vyao. Akaja na projekta na kompyuta, akatuonyesha majedwali ukutani. Kila akimaliza ukurasa anauliza, "Mmeelewa?" Nasi kwa sauti moja, "Tumeelewaaa!" "Tuko pamoja?" "Tuko pamojaaa!" Saa tatu nzima. Tukapiga picha, tukala wali maharage, tukamlipa, akaenda zake.

Mzunguko wa mwaka wa kuweka na kukopa ukaisha. Tukafungua sanduku, ndani mna shilingi 9,360,000. Hisa zilizonunuliwa mwaka mzima zilikuwa 2,600. Hesabu yake ni nyepesi: unagawa fedha zote kwa idadi ya hisa, unapata shilingi 3,600 kwa kila hisa. Aliyenunua hisa 120 anaondoka na 432,000, aliyenunua 60 anaondoka na 216,000. Lakini siku ile, katika watu 25 tuliojibu "tumeelewa", hakuna aliyeweza kufanya hesabu hiyo mbele ya wenzake, na mimi mwekahazina nikiwemo. Majedwali yalikuwa yameondoka na kompyuta. Basi tukagawa kwa vichwa, kila mtu 374,400.

Fikirini. Mama mmoja alikuwa ameweka 360,000 kwa mwaka mzima, anauza vitumbua kuanzia alfajiri, anajinyima kila wiki ili anunue hisa. Faida yake ikawa shilingi 14,400. Aliyekaa pembeni yake aliweka 180,000, akapata zaidi ya mara mbili. Yule mama hakugombana na mtu. Alikunja pesa zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, na Jumanne iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata tena.

Baada ya hapo nimekuwa nikijiuliza tulikosea wapi. Kijana yule hakutudanganya, na mambo aliyoyafundisha yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomchagua. Tulimchagua kwa namna anavyozungumza, na kuzungumza hakukuwa shida yetu.

Lugha yetu yenyewe imelieleza jambo hili vizuri. Kuna kuweza, kuna kuwezesha, na mwezeshaji ni yule anayekufanya uweze. Ukimchukua mtu wa namna hiyo, kipimo chake kinabaki kwenu: akishaondoka, nani anaweza kufanya nini ambacho jana hakuwa anakiweza? Mzungumzaji mzuri ni neema, mwiteni kwenye sherehe na mahafali. Msuluhishi naye ni mtu mwingine kabisa. Nimeona vikundi vinaomba semina ya uongozi kumbe katibu na mwenyekiti hawasalimiani. Hapo semina haitibu kitu, tafuteni mzee mwenye busara awakalishe.

Nchi yetu ilishalijua hili zamani, na ninapenda kulikumbusha kwa sababu vijana wengi hawakusimuliwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusoma, wakisikiliza vipindi vya redio kwa wiki 12 na kujadiliana juu ya malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine. Vikundi vyote vile vingepata wapi wataalamu? Walifundishwa viongozi wa vikundi takriban 75,000, watu wa kawaida wa vijijini. Kazi yao haikuwa kuhubiri. Redio ikinyamaza, kijitabu kinasomwa kwa sauti, halafu kiongozi anauliza: hapa kwetu jambo hili likoje? Tutafanya nini? Na kikundi kikitoka pale kinakwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mtu aliyemaliza darasa la saba aliweza kuongoza kazi ile vizuri, kwa sababu aliandaliwa kuuliza.

Kwa hiyo mnapotafuta mwezeshaji, msitishwe na vyeti. Visomeni, vina maana yake, lakini visiwe mwisho wa safari.

Kabla hamjampigia mtu simu, kaeni wenyewe kwanza, viongozi na wanachama. Andikeni sentensi moja ya kitu mnachotaka kukiweza. Mkiandika "tupate elimu ya ujasiriamali", rudini mkaandike upya, maana sentensi hiyo inaweza kumbeba mtu yeyote na somo lolote. Andikeni hivi: "Kufikia Juni, wanachama wasiopungua watano waweze kukokotoa mgao bila msaada." Sasa hapo hata mtu anayekuja kuomba kazi anajua amekuja kufanya nini, na ninyi mtajua kama ameifanya.

Halafu tazameni kama mnahitaji kulipa kabisa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vyetu vinatakiwa kusajiliwa, na viongozi wengi hudhani lazima wakodi mtu wa kuwaelekeza. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ni mtumishi wa umma, kuwaelekeza ni sehemu ya kazi yake. Nendeni kwake kwanza.

Kama kulipa ni lazima, mtafuteni kwa kuulizia kwenye vikundi vingine. Na hapa nawaomba sana: msiulize mwenyekiti wa kikundi kile, muulizeni mwanachama wa kawaida. Mwenyekiti atasema "alikuwa mzuri sana", kwa sababu yeye ndiye aliyemleta. Mwanachama mwulize swali moja tu: "Alichowafundisha mwaka jana, mpaka leo mnafanya nini?" Akianza kukuonyesha daftari, umempata mtu. Akisema "alikuwa anachekesha", asante, endelea kutafuta.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwoneni akifanya kazi. Nusu saa inatosha. Mlipeni nauli, mwambieni aje, wanachama wachache wakae mbele yake, awafundishe kitu kidogo halisi.

Mwaka wetu wa pili tulifanya hivyo. Walikuja watu watatu. Wa kwanza na wa pili walisimama wakaeleza, vizuri tu. Wa tatu alikuwa mama wa makamo, mpole, sauti ndogo kiasi kwamba baadhi yetu tulishaanza kutazamana. Aliomba bakuli la maharage. Akatandika kanga sakafuni, akawaita wanachama watatu wakakaa kuizunguka. Wa kwanza akampa harage moja, wa pili mawili, wa tatu matatu. "Hizi ni hisa zenu. Mmejinyima mkaziweka." Kisha akamwaga maharage sita katikati. "Hii ndiyo faida ya mwaka. Gawaneni." Akanyamaza.

Haraka haraka kila mmoja akachukua mawili. Mwezeshaji hakusema ndiyo wala siyo. Yule mwenye hisa tatu akawa anayageuza maharage yake kwa kidole, uso umeinama. Kimya kilikuwa kirefu, na mwenyekiti wetu alitaka kusema kitu. Yule mama akamwinulia mkono taratibu, bila kumtazama. Mwisho mwenye hisa tatu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mimi nilijinyima zaidi." Kimya tena. Ndipo yule mwenye hisa moja, mwenyewe, akachukua harage moja katika mawili ya faida aliyokuwa ameyapata, akamsogezea mwenzake. Moja, mawili, matatu. Mwezeshaji akauliza, "Kwa nini umempa?" Na yule mwanachama, ambaye hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka miwili, akatueleza kanuni nzima ya mgao kwa maneno yake.

Tulimchukua pale pale.

Nimesimulia kwa urefu ili muone mnachotakiwa kukitazama. Tazameni mikono: kalamu na maharage vinashikwa na nani, yeye au wanachama? Tazameni anafanya nini watu wanapokosea. Sikilizeni kama ana swali lingine zaidi ya "mmeelewa?" Sisi Waswahili tuna adabu, mgeni akituuliza kama tumeelewa tutajibu ndiyo hata kama kichwani ni giza, kwa sababu kusema hapana ni kumvunjia heshima. Mwezeshaji anayewajua watu wake hawezi kuuliza hivyo. Atasema, "Hebu mwonyeshe mwenzako."

Kwenye mahojiano nina swali ambalo siliachi. Namwambia: "Mimi ni kiongozi hapa, na nina tabia ya kusema sana. Katikati ya somo nikianza kuwajibia wanachama, utafanyaje?" Mwingine anacheka tu, anasema hakuna shida, bosi. Huyo atakuwa wa viongozi, na wanachama wa nyuma hatawafikia kamwe. Mwingine anafikiri kidogo, anasema labda atakupa kazi ya kuandika kwenye bango kitita, zile karatasi kubwa za mafunzo, ili mdomo upumzike, au atakuomba faragha kabla ya somo kuanza. Huyo anajua ukumbi wa watu ulivyo. Na nyinyi viongozi mkimpata, mkubali kunyamazishwa. Nasema hivi kwa upendo, najua ni vigumu, mimi mwenyewe nilihangaika nayo.

Pia hesabuni maswali anayowauliza ninyi. Mwezeshaji wa kweli atataka kujua wanachama ni wangapi, wangapi wanasoma, mnakutana saa ngapi, wenye watoto wachanga watakaa wapi, mliwahi kufundishwa nini na kikaishia wapi. Anayeuliza tu "bajeti yenu ikoje?" ana somo lake mfukoni tayari, na amekuja kulitua popote litakaponunuliwa. Msinielewe vibaya, bajeti ni haki yake kuiuliza. Isiwe peke yake.

Kuhusu idadi, mwezeshaji mmoja kwa watu 25 inatosha, na si bahati kwamba vikundi hivi vya sanduku, vilivyoanzia Niger mwaka 1991, mara nyingi huhimizwa visizidi kiasi hicho. Mkiwa 40, kodini wawili au mgawane siku.

Mkataba uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, hata kama mwezeshaji ni shemeji wa mwenyekiti. Hasa kama ni shemeji wa mwenyekiti. Uandikwe kwa Kiswahili ambacho kila mwanachama atasomewa akakielewa. Ile sentensi yenu moja ikae juu kabisa. Chini yake siku na saa, nani analeta mabango na kalamu, nani analipa nauli na chakula, akiugua nani atakuja badala yake, na michoro na daftari za mafunzo zitabaki kwa nani. Hilo la mwisho sisi lilitugharimu: vyote viliondoka na kompyuta ya yule kijana.

Wengi hubishana juu ya malipo kwa siku. Kumbukeni kwamba siku moja ya kufundisha ina siku moja au mbili za maandalizi nyuma yake, kama mtu anaandaa kweli. Mkimlipa siku ya ukumbini tu mnamwambia aje na somo la mahali pengine. Mlipeni na maandalizi, lakini mgawe: sehemu moja mkisaini, sehemu ya pili mafunzo yakiisha, na sehemu ya tatu baada ya kurudi kuwatembelea, mwezi mmoja au miwili baadaye, akawaona mkifanya wenyewe. Wale kati yenu mnaotoka kwenye asasi na kampuni, mwambieni mwezeshaji mapema pia juu ya kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hajalipwa, ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, ili siku ya kulipwa asidhani mmemkata kwa hila.

Ziara hiyo ya kurudi msiiache. Nimeona viongozi wanaiondoa ili kuokoa pesa, na ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa.

Yule mama wa maharage alirudi kwetu wiki sita baada ya mafunzo. Hakubeba kitu. Alikaa kwenye mkeka nyuma, pamoja na watoto, akatuambia tufanye mkutano wetu kama kawaida na mwishoni tukokotoe mgao wa mfano. Washika funguo watatu wakafungua kufuli zao za sanduku. Aliyesimama kukokotoa alikuwa yule mwuza vitumbua wetu. Tulikuwa tumekwenda kwake watu wanne kumwomba radhi na kumrudishia fedha zake 57,600, kidogo kidogo, akarudi kikundini. Alikosea mara moja kwenye kugawa, akafuta, akaanza upya. Mwezeshaji alikuwa amempakata mtoto wa mtu, hakuinua hata kichwa. Hesabu ilipotoka, mwuza vitumbua akaisoma kwa sauti mara mbili, wanachama wakaihakiki kwenye vijitabu vyao, na mimi nikaenda kwenye bahasha kuchukua ile sehemu ya tatu.

Karibuni kwa maswali.