Si Mbovu, Ndivyo Ilivyo: Duma na Maisha ya Andagraundi

Mbukwenyi! Asanteni. Shikamooni wazee wangu wa mbele. Vijana, hamjambo.

Kijana wa mitambo, hebu subiri, usiizime. Mnaisikia hiyo? Nusu ya ukumbi mmeziba masikio. Maiki inalia: sauti imetoka kwenye spika, imerudi kwenye maiki, imetoka tena imevimba. Harusini hapo MC angeshamfokea mtu. Lakini wapo watu walioikamata sauti hiyo, wakajua inalia ukisimama wapi na inanyamaza ukigeukia wapi, wakaipa nafasi yake ndani ya wimbo. Habari zao, watu wa hevi metali, muziki wa magitaa ya umeme yenye mkwaruzo, ndizo zilizonileta leo. Haya, punguza sasa. Asante.

Mama wa nyuma, mwenye kitenge cha kijani, mkono wako nimeuona. Nivumilie, maswali mwishoni.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda, Majengo, hapa Dodoma. Waliozaliwa juzi niwaeleze: unaniletea kanda tupu, unachagua muziki kwenye orodha niliyobandika ukutani, unalipa, kesho unapitia mzigo wako. Siku moja dereva wa lori akaniletea kanda isiyo na jalada, maandishi yake yamefutika kwa jasho la mikono. Anataka nakala mbili. Nikaiweka. Ikatoka sauti ya mashine ya kukoboa iliyomeza kokoto. Nikajua dek, ile mashine ya kuchezea, imekula kanda. Nikaitoa, nikaikaza kwa kalamu ya Bic, nikasafisha hedi, kichwa kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti, nikairudisha. Yaleyale. Nikafungua dek nyuma, nikabadilisha mpira wa mota. Yaleyale, tena sasa safi zaidi. Jioni jamaa akaja, nikamwambia, "Kaka, kanda yako mbovu." Akainama kwenye spika, akasikiliza, akacheka mpaka akashika meza. "Fundi, si mbovu. Ndivyo ilivyo."

Nikamtolea nakala zake mbili. Ya tatu sikumwambia.

Sasa neno lenyewe, andagraundi. Kwetu msanii andagraundi ni yule ambaye bado hajatoka. Anasubiri redio imkubali, anasubiri meneja, anasubiri kolabo na staa. Andagraundi ni foleni, na aliyezeeka kwenye foleni tunamhurumia. Kwa watu wa hevi metali neno ni lilelile ila maana imehama. Kwao ni makazi. Mtu anaishi humo miaka thelathini, ana wasikilizaji wake Brazil na Japani, na jirani yake ukuta kwa ukuta hajui kama anapiga hata filimbi.

Waliwezaje kujuana kabla ya intaneti? Kwa posta. Miaka ya themanini bendi ilirekodi kanda ya majaribio, ikamtumia mtu mmoja nchi nyingine, naye akaidurufu na kuwatumia wengine watano. Na kwa kuwa stempu ni pesa, walikuwa wanazipaka gundi au sabuni juu, ili muhuri wa posta ukae juu ya utando, na mpokeaji aoshe stempu na kuitumia tena. Msicheke, wanafunzi wa uhasibu. Huo ndio ulikuwa mtandao wao wa usambazaji, na mimi na dek zangu mbili, bila kujua, nilikuwa tawi la Dodoma.

Kati ya bendi zilizopita njia hiyo, Napalm Death, vijana wa pembezoni mwa Birmingham, Uingereza, walioanza mwaka 1981. Birmingham ni mji wa viwanda vya chuma, na ndiko walikotoka Black Sabbath, ambao wengi huwahesabu kuwa baba wa hevi metali. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Uzito ule wa sauti umetokea humo, kwenye jeraha la mfanyakazi. Hawa wadogo zao wakaongeza mwendo. Albamu ya kwanza ya Napalm Death, ya mwaka 1987, ina nyimbo 28 katika dakika kama 33. Wana wimbo wa sekunde 1.316, umo kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Upande wa kwanza wa albamu hiyo ulirekodiwa mwaka 1986, wa pili mwaka uliofuata, na kati ya pande hizo mbili aliyebaki kwenye bendi ni mpiga ngoma peke yake! Aina hiyo ya muziki inaitwa graindikoa (grindcore). Ngoma zinatwangwa kwa kasi mpaka mapigo yanagandamana yanakuwa mvumo mmoja.

Nakuja kwetu sasa. Nairobi ina bendi za hevi metali, si moja wala mbili. Katika bendi hizo walikuwemo Martin Kanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu, waliotoka bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 wakaungana wawili tu, wakajiita Duma. Wewe na mimi tunasikia mnyama mwenye madoa anayekimbia. Wao wamelitoa kwenye Kikuyu, maana yake giza. Nasema lugha ya Kikuyu, msije mkaenda kuwatafuta mtaa wetu wa Kikuyu, hapa Dodoma jirani na reli.

Tazama walivyofanya. Hawakuwa na mpiga ngoma. Bendi ya kawaida hapo inakwama, inabandika tangazo. Karugu akaacha besi aliyokuwa akipiga, akashika gitaa na kompyuta, ngoma zote zikatoka kwenye mashine. Kanja akabaki na koo. Wakaenda Kampala, kwenye studio za Nyege Nyege, lebo inayotoa muziki, wakakaa miezi mitatu hivi, na Agosti 2020 albamu ikatoka, dunia imefungiwa ndani kwa korona. Majarida ya muziki ya Ulaya na Marekani yakaiandika kwa mshangao.

Wao walishangaa, mimi sikushangaa sana, na sababu iko Dar es Salaam. Lebo hiyohiyo ya Kampala, mwaka 2017, ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso. Singeli, ile ambayo wazee wangu hapa mnasema ni kelele za vigodoro, inakwenda mapigo 200 kwa dakika na kuzidi. Weka singeli hapa, weka Duma pale, zima mwanga. Ni watoto wa nyumba moja wenye hasira tofauti. Mmoja anacheza, mwingine anapiga ukelele wa mtu aliyeona nyumba inaungua. Mwaka 2024 Kanja alitoa albamu yake mwenyewe kwa lebo aliyoianzisha, Haekalu. Amepitia bendi, bendi imezaa bendi, sasa ana lebo, na katika safari yote hiyo sijui ni saa ngapi alipanga foleni kwa mtu wa redio.

Sifichi kwamba bei yake ipo. Muziki huu haukodishwi kwenye kipaimara wala kampeni. Kwenye mgahawa ukiwekwa wateja wanaomba bili. Anayeuchagua anajua atakula kwa kazi nyingine. Na kuna hilo la kwamba sauti hii ni ya Ufrimasoni, nimeona mnanong'ona. Ile koo inayokwaruza ni mbinu, watu wanajifunza kuipumulia kutoka tumboni, vinginevyo sauti inakauka kwa wiki moja. Mimi nimeimba kwaya miaka mingi, na mwalimu wetu wa besi alikuwa anatufundisha pumzi hiyohiyo, akiwa amevaa joho.

Na kabla hatujawaona hao ni watu wa ajabu, nimekuja na kitu. Naomba kisanduku hicho. Asante. Wagogo mliomo humu mnaijua, ilimba. Mbao, juu yake vyuma vilivyofuliwa vikapangwa vikubwa na vidogo. Sasa njoo karibu, wewe binti, weka jicho hapa. Unaona tundu? Limezibwa na nini? Sema kwa sauti. Buibui, ndiyo. Ule utando mweupe anaohifadhia mayai. Fundi ameutafuta kwenye kona za nyumba, ameutoa bila kuuchana, ameubandika hapa. Nikipiga hivi… mnasikia ule mkwaruzo unaofuata noti, zzz? Nikiutoa utando, ilimba inatoa sauti safi kama kengele ya shule, na mzee aliyenifundisha atakwambia imekufa. Marehemu Mzee Hukwe Zawose, mwana wa kijiji cha Doduma, aliipeleka sauti hii mpaka kwenye lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, na mkwaruzo wake ukiwemo. Mpiga gitaa wa hevi metali ananunua kisanduku cha umeme na kukikanyaga kwa mguu ili apate huohuo mkwaruzo. Sisi tulimpa kazi buibui.

Ile kanda ya tatu ninayo bado, haichezi tena. Dek za kuichezea zimeisha, na utepe umeshikana. Lakini nimewaletea Duma kwenye simu, dakika mbili tu. Kijana wa mitambo, unganisha waya hapa. Usipunguze mpaka nikwambie. Walio karibu na spika, mnaweza kusogea.

…

Haya. Sasa maswali. Mama wa kitenge cha kijani, wewe wa kwanza, umeinua mkono tangu maiki inalia.