Msimu Huanza Kwenye Swali la Mteja

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Kabla hatujaanza, ndugu mmoja alinivuta pembeni akaniambia: "Mwalimu, tovuti yangu hupata wageni wengi miezi miwili tu kwa mwaka. Miezi mingine kimya. Nahofia imeharibika." Nikamuuliza anafanya biashara gani. Akasema anauza viyoyozi na kuvitengeneza. Nikamwambia tovuti yake ni nzima, ila inaishi kwa kufuata joto, kama wateja wake wanavyoishi. Ameniruhusu nimtumie kama mfano wa leo, nami namshukuru, kwa sababu ndani ya biashara yake limo karibu kila jambo ninalotaka kuwaambia.

Maneno ya msimu ni yale ambayo watu huyaandika kwa wingi kwenye Google katika kipindi fulani, wakayaacha, kisha wakayarudia kipindi hicho kinaporejea. Mengine huletwa na hali ya hewa. Mengine huletwa na sikukuu, kufunguliwa kwa shule, au tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi. Hilo mnalifahamu. Lisilofahamika sana ni kwamba ndani ya msimu mmoja maneno yenyewe hubadilika, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosa wateja.

Tumwangalie fundi wetu. Joto likiwa bado halijaanza, mtu ana nafasi ya kufikiri. Anaandika "kiyoyozi kipi hakili umeme mwingi" au "kiyoyozi cha chumba kidogo". Mtu huyu hanunui leo. Anasoma, analinganisha, anamuuliza mwenzake. Joto linapochachamaa, mtu yuleyule, au jirani yake, anaandika maneno mengine kabisa: "AC haitoi baridi", "AC inavuja maji", "fundi wa AC karibu nami". Hapo hasomi makala ndefu. Anatafuta namba ya simu. Joto likishapita, wachache makini huandika "kusafisha kiyoyozi" au "bei ya kufanyia kiyoyozi huduma". Hizo ni nyakati tatu za msimu mmoja. Ukiwa na ukurasa mmoja tu unaosema "Tunauza na kutengeneza viyoyozi bora", umemjibu nani kati ya hao watatu? Mimi naona hujamjibu hata mmoja.

Tazameni pia neno lenyewe. Kwenye tovuti yake fundi wetu ameandika "mifumo ya kupoza hewa". Ni Kiswahili kizuri. Lakini nilipomuuliza wateja wanasemaje wanapopiga simu, alijibu papo hapo: "Wanasema AC." Basi neno hilo lazima liwepo kwenye ukurasa wake, kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza. Mteja hatafuti kwa lugha ya katalogi. Anatafuta kwa lugha anayoisema akiwa amekaa sebuleni, jasho linamtiririka.

Sasa utajuaje maneno haya hupanda lini? Chombo cha kwanza ni Google Trends, na ni bure. Kimekuwepo tangu 2006, na takwimu zake zinarudi nyuma hadi 2004. Andika neno lako, chagua nchi yako, kisha chagua miaka 5. Usichague mwezi mmoja wala miezi 12, kwa sababu mwaka mmoja hauwezi kukuthibitishia kwamba jambo hurudia. Ukiona mstari unapanda na kushuka kama meno ya msumeno, mahali palepale kila mwaka, huo ni msimu. Ukiona umepanda mara moja tu ukalala, hiyo ilikuwa habari ya mjini, haikuwa msimu.

Kuna jambo moja huwachanganya watu. Namba za Trends, kutoka 0 hadi 100, si idadi ya watu. 100 ni kilele cha neno hilo ndani ya kipindi na eneo ulilochagua, na 50 ni nusu ya kilele hicho. Kwa hiyo neno linalotafutwa na watu wachache sana nalo litakuwa na 100 yake. Na msiache eneo kwenye dunia nzima. Januari ni kiangazi Australia na ni majira ya baridi Uingereza. Ukiwaweka pamoja, joto la hawa na baridi ya wale vinachanganyika kwenye mstari mmoja, nawe utapanga biashara yako kwa msimu usio wa wateja wako.

Chombo cha pili ni kile cha kupanga maneno kilichomo ndani ya Google Ads, huduma ya matangazo ya Google. Hiki hukadiria idadi ya utafutaji kwa mwezi, ingawa asiyelipia matangazo mara nyingi huonyeshwa makadirio mapana tu. Nawaomba mnisikilize hapa, maana nimewaona watu makini wakiteleza. Namba inayokaa mbele ni wastani wa miezi. Tuseme neno moja linatafutwa mara 100 kila mwezi, mwaka mzima. Neno la pili linatafutwa mara 1,200 mwezi mmoja, na miezi 11 iliyobaki halitafutwi kabisa. Gawanya 1,200 kwa 12. Yote mawili yataonyesha 100! Kwa macho ya haraka ni maneno yanayolingana, lakini moja ni bomba linalotiririka polepole na jingine ni mafuriko ya mwezi mmoja. Fungua mchanganuo wa mwezi kwa mwezi kabla hujalidharau neno.

Cha tatu ni Google Search Console, na kwa mwenye tovuti ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinaeleza habari zako mwenyewe: maneno gani yalikuonyesha kwenye matokeo, na wangapi walibofya. Ila kinahifadhi miezi 16 tu. Pakua ripoti yako kila mwaka uiweke mahali salama. Usipofanya hivyo, utakapotaka kulinganisha misimu mitatu utakuta miwili imeshafutika.

Pamoja na hayo yote, Google wamekuwa wakisema kwamba takriban asilimia 15 ya maswali wanayopokea kila siku hawajawahi kuyaona. Fikirini maana yake. Hakuna chombo kitakachowapa orodha kamili. Ndiyo maana ninamwomba kila mfanyabiashara awe na daftari. Mteja akipiga simu au akituma ujumbe, andika swali lake kwa maneno yake, na tarehe. Msilisafishe swali. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na maneno ambayo mshindani wako hawezi kuyanunua popote.

Nije kwenye kosa nililolifanya mwenyewe, tena kwa miaka miwili mfululizo. Nilikuwa nikitengeneza ukurasa wa msimu, nikiuwekea mwaka kwenye anwani yake ya mtandaoni, na msimu ukiisha naufuta nikidhani nafanya usafi. Mwaka uliofuata naanza upya, na nashangaa kwa nini Google hainijui. Ingenijuaje? Tovuti nyingine zilizokuwa zimeuelekezea viungo (linki) ukurasa wangu sasa zilikuwa zinaelekeza kwenye ukurasa usiokuwepo. Kila mwaka nilikuwa mgeni. Google wenyewe huwashauri wanaoandaa mauzo ya Black Friday, siku ya punguzo kubwa la bei mwezi Novemba, watumie anwani ileile kila mwaka, na ushauri huo unafaa kwa msimu wowote. Mwaka uuandike kwenye kichwa na ndani ya maandishi, ambako unaweza kuubadilisha. Anwani iache bila mwaka. Msimu ukiisha, ukurasa ubaki: sema msimu umefungwa, taja utarudi lini, acha mahali pa mtu kujiandikisha apewe taarifa. Na kama tayari mna kurasa za miaka ya nyuma, mwambieni anayewatunzia tovuti azielekeze kwenye ukurasa mmoja wa kudumu kwa njia ya 301, yaani ishara kwamba ukurasa umehamia huko kabisa.

Jambo la muda. Google wanasema mabadiliko kwenye tovuti yanaweza kuonekana baada ya saa chache au yakachukua miezi kadhaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Utaratibu wangu ni huu: sitazami kilele cha mstari, natazama mahali unapoanza kuinuka, kisha narudi nyuma wiki nane. Siku hiyo ukurasa lazima uwe umekamilika na uko hewani. Fundi wetu amekuwa akiandika kuhusu joto siku ya kwanza ya joto. Amekuwa akichelewa kila mwaka. Na kwa sikukuu zinazofuata mwezi mwandamo, msinakili tarehe ya mwaka jana, kwa sababu huja mapema kwa takriban siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida.

Dada mmoja ameniandikia swali kwenye karatasi: je, aweke maneno ya kila msimu ili awapate wote? Hapana, dada yangu. Weka msimu ambao una kitu cha kumpa mtu akifika. Kurundika maneno kwenye ukurasa ni jambo ambalo Google hulihesabu kuwa udanganyifu, na ile sehemu ya kuorodhesha maneno muhimu, iliyofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, walitangaza tangu 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Lakini hata kama ingefanya kazi nisingekushauri. Mtu aliyetafuta sare ya shule usiku, watoto wanafungua kesho asubuhi, akaingia kwako akakuta huna sare, umempotezea dakika alizokuwa nazo. Hatarudi, na ana haki.

Karatasi hiyohiyo inasema dada huyu anauza sare. Tunaanza na wewe basi. Fungueni simu zenu, ingieni Google Trends, chagueni nchi yenu na miaka 5. Dada, hebu tutajie mzazi wa mwisho aliyekupigia simu aliuliza nini, kwa maneno yake yeye. Tutayaandika hivyohivyo alivyosema.